Barabara ya Mvinyo Haiishii Stellenbosch

Miongoni mwa Watanzania wenye gari, likizo na hamu ya kuona nchi, kumejengeka imani kwamba safari ya kupita mashamba ya mizabibu, kusimama viwandani na kuonja mvinyo huku macho yakiburudika kwa mandhari ni jambo la nchi za baridi, na kwamba anayeitamani hana budi kukata tiketi ya ndege hadi Cape Town, kukodi gari huko na kuelekea Stellenbosch. Dodoma, kwa mujibu wa imani hiyo, ni nyika kavu iliyobahatika kupewa Bunge na wizara. Zabibu zake ni za kuuziwa abiria dirishani, mvinyo wake ni mtamu na wa bei ya chini, na barabara iendayo huko ni ya kumfikisha mtu kikaoni, si ya kutazamwa. Imani hii hurudiwa na watu wanaosifika kwa kutembea, na hata baadhi ya wenyeji wa Dodoma wameikubali, ingawa historia haiungi mkono, wala kilimo, wala jiografia.

Msingi wake mkuu ni dhana kwamba barabara za mvinyo, yaani njia zilizowekewa vibao na ramani ili msafiri atoke kiwanda kimoja hadi kingine, zilizaliwa pamoja na mizabibu yenyewe na hukua tu pale ambapo Mungu ameweka milima ya bluu na ukungu wa asubuhi. Ukweli ni kwamba barabara hizo zilibuniwa na watu waliokuwa na mvinyo usiouzika. Ile ya Ujerumani iitwayo Deutsche Weinstraße, yenye urefu wa takriban kilomita 85 kutoka mpakani mwa Ufaransa kuelekea kaskazini, ilizinduliwa mwaka 1935 na utawala wa Kinazi, ambao ulikuwa umewasukuma nje wafanyabiashara wa Kiyahudi waliobeba sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo katika eneo hilo, kisha ukajikuta na mapipa yaliyojaa na wanunuzi waliopungua. Ile ya Alsace, nchini Ufaransa, ilizinduliwa mwaka 1953, miaka michache tu baada ya vita vilivyoviharibu vijiji vingi vya eneo hilo. Na ile ya Stellenbosch, inayotajwa kana kwamba ni ya tangu enzi, ilianzishwa mwaka 1971 na wakulima watatu, Frans Malan, Spatz Sperling na Niel Joubert, baada ya Malan kuona mfano wake Ufaransa na kurudi nyumbani akiwa na hakika kwamba mnunuzi akifika shambani hununua zaidi na husimulia zaidi. Mvinyo wa kwanza wa Rasi, yaani eneo la Cape Town na Stellenbosch, ulikuwa umekamuliwa mwaka 1659, maana yake Rasi, yenye milima ile ile, ilikaa zaidi ya miaka 300 bila barabara ya mvinyo, mpaka watu watatu walipokaa mezani na kuamua.

Inafaa kuongeza, kwa kuwa vijitabu vya utalii havipendi kulitaja, kwamba zile nyumba nyeupe zenye vipembe vya mviringo, ambazo wageni hupigia picha kabla hata ya kuonja, zilijengwa katika enzi ya utumwa, na kwamba miongoni mwa waliolima mizabibu hiyo walikuwamo watu waliochukuliwa kutoka Msumbiji na Madagaska. Hata baada ya utumwa kufutwa mwaka 1834, vibarua wa mashamba waliendelea kwa vizazi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo wenyewe, utaratibu uliojulikana kama dop, ambao uliacha ulevi na magonjwa katika familia nyingi. Hakuna anayesema Stellenbosch isitembelewe. Ila anayeisifu kama kipimo cha uzuri, kisha akaidharau Dodoma kwa kukosa majumba, anapaswa kujua majumba yale yaligharimiwa na nani.

Wapo watakaojibu kwamba barabara hubuniwa lakini hali ya hewa haibuniwi, na kwamba mzabibu ni mmea wa nchi zenye majira manne. Hoja hii ina sura ya kisayansi, na ndiyo maana imedumu. Ni kweli kwamba katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa kipupwe, kisha huamka wenyewe na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma, iliyo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haina kipupwe cha namna hiyo, lakini ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kiangazi kirefu chenye jua kali mchana na ubaridi wa kuvutia shuka usiku. Mkulima huchukua nafasi ya kipupwe kwa mkasi: hupogoa, yaani hukata matawi yaliyokwisha kuzaa na kuacha macho machache, na mmea huanza upya kana kwamba mwaka umegeuka, hivi kwamba baada ya takriban miezi minne vichala huwa vimeiva. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mnamo Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mavuno ya kiangazi, kwa kuwa hayanyeshewi, aghalabu huwa na sukari nyingi na ukungu kidogo. Bonde la mto São Francisco, kaskazini mashariki mwa Brazil, nalo ni nyika ya joto yenye vichaka vya miiba, nalo huvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wageni hupelekwa huko kwa boti kwenye ziwa la bwawa ili waonje mvinyo wa mashamba ya kando yake. Hakuna aliyewaambia Wabrazili kwamba hilo ni la Wazungu wa milimani, au pengine waliambiwa wakapuuza.

Msafiri anayefika shambani Hombolo au Mpunguzi mwezi Agosti ataona jambo ambalo mgeni wa Ulaya katika mwezi huo huo ni nadra kuliona. Uvunaji huanza alfajiri, kabla jua halijachoma, kwa sababu zabibu zilizopata joto huanza kuchacha zikiwa bado kwenye kreti. Wavunaji, wengi wao wanawake, hushika kichala kwa kiganja cha chini, hukata kikonyo kwa mkasi, hung'oa punje zilizooza kwa kidole gumba na kulaza kichala bila kukirusha, maana punje iliyopasuka hulowesha nyingine na kuita nyuki. Kufikia saa nne kreti ziko kivulini zikingoja gari. Kinachofuata kiwandani ni kukamua kile ambacho Dodoma yote hukiita mchuzi wa zabibu, yaani maji mabichi ya tunda kabla hayajageuka kuwa mvinyo, na kukitia kwenye matangi yanayopozwa kwa umeme, kwa kuwa chachu ikiachiwa joto la Dodoma hufanya kazi kwa pupa na kuunguza harufu yote ya tunda. Mgeni akilielewa tangi hilo ameelewa pia kwa nini mvinyo mzuri wa nchi ya joto hauwezi kuwa wa bei ya chini.

Kuhusu mandhari, hukumu ya kwamba barabara ya Dodoma haina cha kutazama imetolewa na watu wanaoipita usiku ndani ya basi, au mchana wakiwa kwenye simu. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450, na Uluguru peke yake, ikisimama ghafla juu ya Morogoro, ingetosha kuwa sababu ya kusafiri mchana. Lakini kosa kubwa la wapangaji wa safari ni kurudi kwa njia ile ile waliyoendea. Barabara ya Dodoma hadi Iringa, takriban kilomita 260 za lami, huanza kwa kupita Bihawana, mahali ambapo wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu mwishoni mwa miaka ya 1950, huendelea hadi Mpunguzi penye mashamba pande zote mbili, kisha hushuka katika nchi ya mibuyu na kuvuka ukuta wa Bwawa la Mtera, ambako perege wa kukaanga huuzwa kando ya barabara, kabla ya kupanda mlima Nyang'oro na kuingia Iringa. Kutoka hapo msafiri hupita Ilula, huteremka kona za Kitonga, hufuata Ruaha Mkuu hadi kwenye masoko ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni, na baadaye hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, twiga na tembo wakionekana pasipo kutoka barabarani, kabla ya kufika Morogoro tena. Mzunguko huo wa kilomita zipatazo 1,200 una nyika, bwawa, mlima, hifadhi na mizabibu. Mwenye siku za ziada anaweza kwanza kwenda kaskazini kwa barabara ya Babati, apite Makutupora kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, aendelee hadi Kolo kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Haki inadai ikubaliwe kwamba anayefunga safari hii leo hatapokewa kama anavyopokewa Stellenbosch. Viwanda ni vichache, vingine havijazoea kuona mgeni asiye mnunuzi wa jumla, na mtu anaweza kufika getini Jumamosi akaambiwa na mlinzi kwamba mwenye funguo yuko mjini. Kwa hiyo lazima apige simu siku kadhaa mapema, asipange zaidi ya kiwanda kimoja asubuhi na shamba moja jioni, aepuke wiki za Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, ambapo vyumba hupanda bei, na akumbuke kwamba mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni hujaza mji. Dereva asionje kabisa: sheria ya Tanzania inaruhusu hadi miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu, kiwango ambacho ni kikubwa kuliko kile cha Afrika Kusini, lakini kona za Kitonga hazina habari na kiwango cha sheria. Wasiotaka ugomvi huo wanaweza kwenda Dodoma kwa treni ya mwendo kasi, iliyoanza kufika huko mwaka 2024, wakakodi gari na dereva mwenyeji. Na wale ambao dini yao hairuhusu mvinyo hawajafungiwa mlango, kwani zabibu mbichi na mchuzi wake ni halali kwao, na muziki wa Wagogo, wa zeze na ilimba, ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha duniani, hausikilizwi kwa glasi.

Madhara ya imani inayopingwa hapa hayaishii kwa watalii. Mkulima wa zabibu wa Dodoma, ambaye mara nyingi ana ekari moja au mbili, hawezi kuhifadhi alichovuna. Zabibu isiyonunuliwa ndani ya siku chache ni hasara tupu, na mnunuzi anayelijua hilo ndiye hupanga bei. Kiwanda cha umma cha mvinyo, DOWICO, kilipoporomoka katika miaka ya 1990, wakulima wengi waliitelekeza mizabibu yao kwa kukosa pa kupeleka mzigo, na hadi leo kilio cha soko husikika karibu kila msimu. Serikali imefanya sehemu yake katika ushuru wa bidhaa, kwa kuutoza kiwango cha chini mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani. Nafuu ya kodi, hata hivyo, haimfundishi mnywaji wa Dar es Salaam kutofautisha Makutupora nyekundu, ambayo ni aina ya zabibu iliyozoea udongo wa Dodoma, na Syrah au Chenin Blanc zilizopandwa jirani yake. Hilo hufundishwa shambani, kwa mdomo, na mtu aliyefundishwa hivyo hununua chupa kwa bei inayomlipa mkulima, wakati asiyefundishwa huendelea kunyoosha mkono kwenye rafu kuchukua boksi la kutoka Rasi kwa sababu ndilo alilolizoea.

Malan na wenzake hawakungoja serikali iwajengee hoteli. Walianza kwa kufungua milango ya mashamba yao wenyewe na kukubaliana juu ya njia moja. Wenye viwanda vya Dodoma, pamoja na Halmashauri ya Jiji na vyama vya wakulima, wanaweza kufanya hivyo kabla ya mavuno ya Agosti yajayo: kutangaza siku mbili za juma ambazo mgeni yeyote anapokewa bila barua, kumweka kijana mmoja wa kijiji anayejua kueleza kupogoa na kukamua, kuuza chupa pale pale getini, na kusimamisha vibao Bihawana, Mpunguzi, Makutupora na Hombolo. Wasafiri nao, kabla ya kulipia tiketi ya Cape Town, wapige simu Dodoma na kuomba kufunguliwa.