Ngoma za Breki na Chumvi ya Pwani

Alasiri ya Idd Pili tulikuwa tunarejea Dar es Salaam kutoka Kaole, watoto sita wakiwa nyuma, katika Land Rover fupi ya miaka ya 1960 aliyotuachia marehemu baba. Karibu na Kerege mbuzi walikatiza barabara. Tulipokanyaga breki gari lilivuta ghafla kulia, upande wa wanaokuja. Mwenyezi Mungu alitustiri, hapakuwa na lori. Watoto tuliwapandisha daladala, fundi akaitwa kutoka Bagamoyo, nasi tukabaki kando ya njia tukikiri kwamba tangu msiba hatukuwahi kuzifungua ngoma za magurudumu yale.

Gari la namna hii lina ngoma katika magurudumu yote manne. Ndani ya kila ngoma mna viatu viwili, ambavyo mafundi huviita breki shuu, vyenye tabaka gumu la kusugulia. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma silinda ndogo, nayo huvitanua viatu vikaubana ukuta wa ngoma. Fundi alipovua ngoma ya mbele kushoto, shuu zilikuwa zimeloa mafuta yaliyovuja kwenye silinda. Gurudumu la kulia lilishika, la kushoto likateleza.

Shuu zilizolowa hivyo hazifai kuoshwa kwa petroli na kurudishwa, ingawa tumeona ikifanywa mara nyingi. Hubadilishwa, tena za kulia na kushoto pamoja, baada ya kuondoa uvujaji wenyewe.

Shemeji yetu alishauri tuliuze upesi, mnunuzi atajionea mwenyewe. Hatukukubali. Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi, na kasoro hii tungemkabidhi mtu mwenye watoto kama wetu.

Kijana msaidizi wa fundi aliinama apulize vumbi la ngoma kwa kinywa. Tulimzuia. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Vumbi hilo huloweshwa maji, likafutwa kwa kitambaa, na kitambaa kikafungwa mfukoni na kutupwa. Akina mama nao wasizifue nguo za gereji pamoja na za watoto.

Kwa sisi tuishio kati ya Bunju na Saadani, penye mashamba ya chumvi na upepo wa bahari, kutu haipumziki. Springi huliwa, na kirekebishi kilicho nyuma ya ngoma, kinachozungushwa kwa spana ili kusogeza shuu karibu na ukuta, hukwama kabisa. Pedali huzama, dereva huzoea kuipiga mara mbili, na mazoea hayo akayaita breki nzima. Ukipita katika maji, nenda polepole ukigusa pedali kidogo kidogo mpaka ngoma zikauke. Yakiwa maji ya bahari, zisuuzwe kwa maji baridi kisha zifunguliwe. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2, wala yasichanganywe na oili ya injini hata tone, kwani huharibu mipira.

Vijana wa nyumbani walitaka tufunge busta. Busta humpunguzia dereva nguvu ya mguu tu, silinda inayovuja itaendelea kuvuja. Tulikubali mawili: ngoma za inchi 11 za Land Rover ndefu badala ya zetu za inchi 10, na masta silinda ya mikondo miwili pamoja na mabomba yake. Ya zamani ilikuwa na mkondo mmoja, na bomba moja likipasuka breki zote nne hutoweka kwa pamoja. Hili la pili ndilo tungelianza, kama fedha zingetosha moja tu.

Limebaki la breki ya mkono. Katika Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika shafti itokayo kwenye gia kwenda nyuma. Isivutwe gari likiwa kwenye mwendo. Na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari huweza kusogea hata kama umeivuta, kwa sababu lile lililo hewani huwa huru kuzunguka. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na watoto wakae mbali mpaka nati ya mwisho ikazwe.