Sadaka Isiyo na Machozi

Anayesimama ukingoni mwa mto penye maporomoko ya Wagenia huelewa upesi kwa nini mji wetu ulikua mahali hapa. Meli zilizopanda kutoka Léopoldville ziliishia Stanleyville, kwa kuwa maporomoko saba ya Boyoma yalifunga njia. Mwaka 1906 ikafunguliwa reli ya kilomita 125 hivi mpaka Ponthierville, Ubundu ya leo, ili kuyapita maporomoko hayo nchi kavu. Habari hizo huelezwa kwa neno moja: maendeleo. Sisi twaona kwamba neno hilo halitoshi.

Meli za zama zile zilikula kuni. Vituo vya kuni vilipangwa kando ya mto, na wanavijiji walishurutishwa kukata miti ili safari isisimame. Pasipo na mto wala reli, chombo cha usafiri kilikuwa mwili wa mtu. Mzigo ulikwenda kichwani, naye afisa aliketi katika tipoyi, yaani machela yaliyobebwa mabegani mwa wanaume. Katika ujenzi wa reli ya Matadi, iliyokamilika mwaka 1898, hesabu rasmi ilitaja vifo vya wazungu 132 na vya wafanyakazi wengine wapatao 1,800. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi zaidi ya 200,000 walitumikishwa na jeshi la Wabelgiji.

Tukiyatafakari hayo, tumekumbuka simulizi moja la Wabudha. Hati Nostra Aetate ya mwaka 1965 yatufundisha kutokataa lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na Ubudha umetajwa humo kwa jina. Katika Kutadanta Sutta, kuhani mmoja wa Kibrahmani ameandaa mafahali 700, mbuzi 700 na wanyama wengine wengi kwa ajili ya sadaka kuu, kisha anamwendea Buddha kuuliza namna bora ya kuitoa. Buddha anamsimulia habari za mfalme wa kale aliyeshauriwa kuwapa kwanza wakulima mbegu, wafanyabiashara mtaji, na watumishi ujira wao. Sadaka ya mfalme huyo ikawa ya samli, mafuta, maziwa na asali. Hakuchinjwa mnyama, haukukatwa mti, wala hakuwapo mtumishi aliyefanya kazi kwa kuogopa fimbo huku akilia. Kuhani aliposikia hayo, akawafungulia wanyama wake wote.

Angalieni jinsi simulizi hilo linavyoweka pamoja mnyama, mti na mtumishi. Vitu hivyo havitenganishwi: anayezoea kumwaga damu ili apate baraka hukawia kuona machozi ya anayebeba kuni. Nabii Hosea naye alifundisha kwamba Mungu hupendezwa na huruma kuliko sadaka, na Bwana wetu alilikumbusha fundisho hilo mara mbili katika Injili ya Mathayo.

Wako watakaosema kwamba reli ndiyo iliyoupunguza mzigo kichwani mwa mpagazi. Ni kweli, wala hatuilaumu mashine. Tunalokataa ni ile desturi ya kuhesabu kilomita bila kuwahesabu watu, kana kwamba waliokufa walikuwa kuni tu za kuwashia tanuri.

Desturi hiyo haikuondoka pamoja na wakoloni. Kijana wa toleka anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa hadi sokoni, kisha akapunjwa nauli aliyoahidiwa, ni ndugu wa mpagazi wa jana. Vivyo hivyo wasichana wanaoteka maji na kupika tangu alfajiri siku ya sikukuu yetu, halafu wakala makombo baada ya wageni kuondoka.

Kwa hiyo twawasihi: kabla kikundi chenu hakijapanga hija au sherehe, ulizeni kwanza nani atabeba, atalipwa nini, na atakula saa ngapi. Bei ya toleka ipatanwe kabla ya safari na ilipwe yote. Kazi za jikoni zigawanywe kati ya wavulana na wasichana. Mambo haya yakikosekana, afadhali sherehe iahirishwe mpaka yapatikane.