Hoja Niliyoshinda Siku ya Wazazi

Wazazi waliohudhuria Siku ya Wazazi muhula uliopita watakumbuka mjadala uliofanyika katika bwalo letu baada ya nyimbo na kabla ya chakula. Hoja ilikuwa kwamba mabomu ya kuongozwa yamevifanya vita vya siku hizi kuwa na huruma kuliko vita vya zamani. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza upande wa kuunga mkono. Tulishinda kwa kura nyingi, makofi yakapigwa, na mwenyekiti akanisifu mbele ya watu kwa kuzijua hesabu zangu. Leo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nieleze kwa nini naona tulishinda kwa hesabu za kweli na hoja mbovu.

Nieleze kwanza niliyoyasema, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Nilianza na mwaka 1911, Waitalia walipokuwa wakipigana na Waturuki katika nchi ambayo sasa ni Libya. Tarehe 1 Novemba mwaka huo rubani mmoja, Giulio Gavotti, aliruka karibu na Tripoli akiwa na mabomu manne madogo ya kushikika mkononi. Alikuwa anaiongoza ndege, hapo hapo anatia kiwashio cha bomu, kisha anatupa chini. Hilo ndilo lilikuwa shambulio la kwanza la mabomu kutoka katika ndege. Niliigiza kwa mikono jinsi alivyohangaika, na watu wakacheka. Nasikitika sasa kwa kicheko kile, kwa kuwa huko chini palikuwa na watu.

Nikaja katika Vita Kuu ya Pili. Mwezi Agosti 1941 serikali ya Uingereza ililetewa taarifa ya Bwana Butt, karani aliyezichunguza picha zilizopigwa na ndege za Kiingereza usiku zilipokuwa zikishambulia. Ilionekana kwamba katika ndege ambazo marubani wake walidai wameipata shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya maili tano za shabaha hiyo. Maili tano ni kama kilometa nane! Nusu mwaka baadaye, Februari 1942, Waingereza waliagiza ndege zao zipige miji yenyewe, maana mji ni shabaha ambayo hata gizani ni vigumu kuikosa.

Kisha nikaleta mfano wa nyumbani, ndio uliotupatia kura nyingi. Mwishoni mwa Machi 1979, katika vita vyetu na Idi Amin, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilikusudia kulipiga ghala la mafuta hapa Mwanza. Ilikosea. Ilichoangusha kikaangukia kisiwa cha Saanane, kikaua wanyama wa hifadhi. Kisiwa hicho kila mtu aliyekuwamo bwaloni anakijua, maana kinaonekana kutoka ufukweni. Nikauliza, "Je, swala wale walikuwa na kosa gani?" Bwalo zima likavuma.

Nikamaliza na daraja la Thanh Hoa huko Vietnam. Wamarekani walianza kulishambulia Aprili 1965, wakarudi mara kwa mara kwa miaka, wakapoteza ndege na marubani, na daraja likasimama. Tarehe 13 Mei 1972 walikuja na mabomu yanayofuata mwanga wa leza, na daraja likavunjika. Halafu katika miaka ya 1990 ulibuniwa mkia wa kufungwa nyuma ya bomu la kawaida, wenye mapezi na chombo kinachosikiliza setilaiti, hata bomu likaweza kuanguka mita chache tu kutoka pale lilipoambiwa. "Bwana Mwenyekiti," nikasema, "bomu limepata macho!" Nikaketi.

Baada ya mjadala nilimkuta bibi yangu amekaa chini ya mwembe na sahani yake ya pilau. Alikuwa amekuja kwa meli kutoka Bukoba. Oktoba 1978 ndege za Amin zilipoipiga Bukoba kwa mabomu alikuwa msichana, na jambo analolisimulia siku zote ni vioo. Hakuliona bomu lenyewe. Aliona vioo vya madirisha vikimwagika barabarani na watu wakikimbia kila upande, kila mtu akiita jina la mtu wake. Nilidhani atanipongeza. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo bomu lenye macho linaanguka mita chache. Na vipande vyake je, navyo vinaruka mita chache?"

Nikamwambia sijui, nitamtafutia. Akasema, "Haya, tafuta," akaendelea kula.

Nimetafuta muhula mzima, katika maktaba na kwa mwalimu wetu wa fizikia, na haya ndiyo niliyoyapata. Mabomu mengi yanayofungwa mikia hiyo ya kuongozwa ni yale yanayoitwa na wanajeshi mabomu ya kazi zote. Jina lenyewe linaeleza. Liko bomu la kutoboa zege, liko la kuchoma moto, na liko hili ambalo linafanya kidogo cha kila kitu: linapasua kwa mshindo, linarusha vipande vya chuma, na linaingia ardhini au katika paa kiasi fulani kabla ya kulipuka. Kwa kukibadili kiwashio tu, bomu lile lile linaweza kupasuka juu ya vichwa vya watu, au likigusa ardhi, au likiisha kupita ghorofa mbili tatu.

Chuma kiwe kiasi gani na baruti kiasi gani, hilo lilibishaniwa sana. Mabomu ya Kiingereza ya namna hiyo mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili yalikuwa na baruti chini ya theluthi ya uzito wake, nayo yalilaumiwa kwa udhaifu. Ikabidi yatengenezwe mengine yenye baruti karibu nusu. Ya Wamarekani yalikuwa karibu nusu tangu hapo. Baada ya vita hivyo, mhandisi Ed Heinemann wa kampuni ya Douglas alilichora upya bomu la Kimarekani likawa jembamba kama samaki, ili ndege za jeti zilibebe chini ya mabawa bila kuburutwa na upepo. Likatengenezwa kwa ukubwa wa namna nne: ratili 250, 500, 1000 na 2000. Umbo hilo, lililochorwa kabla baba yangu hajazaliwa, ndilo linalotumika mpaka leo. La ratili 500, yaani kama kilo 227, lina baruti ya kilo 87 hivi. La ratili 2000 lina baruti ya kilo 429. Sehemu kubwa ya uzito unaobaki ni ganda la chuma, na ganda hilo hupasuka likawa vipande vingi visivyo na umbo, vikaruka kwa kasi kuliko risasi. Vya bomu kubwa huweza kuua mtu aliye mamia ya mita kutoka pale lilipoanguka.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mkia wa kuongozea unafungwa nyuma. Ganda na baruti havikuguswa. Zile "mita chache" nilizozitangaza bwaloni ni umbali kati ya mahali palipolengwa na mahali bomu lilipoanguka. Hazielezi habari za mama anayefua nguo nyumba ya tatu kutoka hapo. Nilitaja hesabu moja, nikanyamazia ya pili, na mwenyekiti akanisifu.

Tena kuna jambo zito zaidi. Usiku wa tarehe 7 Mei 1999, katika vita vya Kosovo, ndege ya Kimarekani iliangusha mabomu matano ya kazi zote ya ratili 2000, yenye mikia hiyo mipya, juu ya jengo moja mjini Belgrade. Mabomu yalikwenda mahali yalipoambiwa. Jengo lilikuwa ubalozi wa China. Waandishi watatu wa habari wa Kichina walikufa na watu wengine wakajeruhiwa. Wamarekani waliomba radhi, wakasema walikusudia ofisi ya manunuzi ya jeshi la Yugoslavia na kwamba waliikosea mahali pake katika ramani. Wachina hawakuyakubali maelezo hayo. Mimi si hakimu wao; natazama tu kwamba bomu halikukosea hata kidogo. Macho niliyoyasifu ni macho ya yule anayeandika namba za mahali kwenye karatasi, naye yuko mbali, na huenda karatasi yake ni ya zamani.

Nikarudi kuufikiria mfano wangu wa Saanane, nikaona haya. Niliwalilia swala kana kwamba maafa ya siku ile yalikuwa kukosea kwa rubani. Ghala la mafuta halikuwa porini. Lilikuwa mjini kwetu, na mji una watu. Kama rubani yule angekuwa na bomu lenye macho, mafuta yangewaka, na wazee wa baadhi yetu tuliokaa katika bwalo lile tukipiga makofi wasingepata wajukuu. Nilisimama mbele ya watu wa Mwanza nikaomba silaha ile ingalikuwa sahihi zaidi, na hakuna aliyeshtuka, hata mimi mwenyewe.

Nisidhaniwe kuwa nayakana yote. Ni kweli kwamba daraja la Thanh Hoa lilivunjwa kwa mabomu machache baada ya mengi kushindwa, na kila bomu ambalo halikuhitajika ni bomu ambalo halikuangukia kijiji cha mtu. Upande wetu ulikuwa na haki katika hilo. Lakini urahisi nao una hila yake. Mkuu wa jeshi anayejua kwamba bomu lake litaangukia nyumba ya tano, wala si ya sita, atakubali kuipiga nyumba ya tano iliyo katikati ya mtaa, mahali ambapo zamani pengine angeogopa kupagusa.

Wala bomu lisilolipuka halijui kwamba vita vimekwisha. Katika mji wa Göttingen, Ujerumani, mafundi waliokuwa wakichimba mahali pa kujenga ukumbi wa michezo walikuta bomu la wakati wa Vita Kuu ya Pili, lenye kiwashio cha kuchelewa. Tarehe 1 Juni 2010 watu elfu kadhaa walikuwa wakihamishwa makwao, na wataalamu wakijitayarisha kulitegua, likalipuka. Watatu kati yao walikufa, miaka 65 baada ya amani kutiwa sahihi.

Mwezi Novemba 2022 wajumbe wa nchi zaidi ya 80 walikutana Dublin, Ireland, wakaahidi kujizuia kutumia silaha za mlipuko katika miji na mahali penye watu wengi. Ahadi hiyo haina nguvu ya sheria, na wako waliotia mkono ambao wenyewe wana maghala yamejaa mabomu haya. Hata hivyo naiona ni bora kuliko hotuba yangu, kwa kuwa inauliza alilouliza bibi: bomu linafika wapi, na ni nani waliopo huko.

Nimemwandikia katibu wa chama chetu cha midahalo nikiomba hoja ile irudishwe muhula ujao, na kwamba msemaji yeyote atakayetaja usahihi wa bomu kwa mita ataje pia umbali wa vipande vyake kwa mita. Amekubali la kwanza. La pili anasema litaamuliwa na kamati. Jina langu nimeliandikisha upande wa kupinga. Bibi nimempelekea jibu lake, akaniuliza nauli ya meli itakuwa juu ya nani.