Majengo na Seoul: Tukisome Kikorea kwa Kiswahili

"Utakula nini?" Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua swali hili. Huulizwa na jamaa zake siku anapotangaza kwamba anakwenda chuoni kusomea lugha. Siku hizi swali hilo limepata mlengwa mwingine. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, Majengo ikiwamo, si ajabu kumkuta kijana anayejifunza Kikorea kwa simu yake. Kilichomvuta ni tamthilia na muziki wa Korea Kusini, lakini sasa anauliza iwapo lugha hiyo yaweza kumpa kazi, ama chuoni ama kwa njia ya intaneti. Wazee wake humjibu kwa swali lile lile.

Maoni yangu ni kwamba Kikorea chaweza kumlisha, lakini kwa sharti moja: asikiache Kiswahili mlangoni. Aidha, naamini kwamba sisi tulio katika idara za Kiswahili tuna wajibu katika jambo hili, ingawa aghalabu tunalitazama kana kwamba halituhusu.

Tuanze na Majengo yenyewe. Mtaa huu wa Pumwani uliasisiwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao rasmi ya Waafrika mjini. Wakazi wake walitoka katika makabila mengi. Kilichowaunganisha ni Kiswahili na, kwa wengi wao, dini ya Kiislamu. Wasomi wa ng'ambo waliitambua hazina hiyo mapema. Mwaka 1968 Kenneth McVicar aliwasilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu Pumwani katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika miaka ya 1970 Janet Bujra alichapisha makala kuhusu wanawake waliojijengea mali na nyumba katika Nairobi ya awali. Mwaka 1990 Luise White alitoa kitabu The Comforts of Home, kinachohusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, na ambacho kinategemea sana masimulizi ya wakazi wakongwe wa mji huu, hasa wanawake.

Siwalaumu wasomi hao. Wamehifadhi kumbukumbu ambazo sisi wenyewe hatukuziandika. Hata hivyo, yafaa tujiulize: Majengo imekuwa mahali pa kutafitiwa kwa zaidi ya nusu karne, ni lini itakuwa mahali wanakotoka watafiti wa nchi za wengine? Bibi wa Majengo amekwisha kuelezwa na msomi wa Marekani. Mjukuu wake naye ana haki ya kwenda kuketi na wazee wa Seoul, awasikilize kwa lugha yao, kisha aturudishie habari kwa lugha yetu.

Njia ipo. Korea Kusini imewekeza pakubwa katika kueneza lugha yake. Mtihani wa umilisi wa Kikorea, uitwao TOPIK, ulianza mwaka 1997 na una viwango sita. Taasisi za Mfalme Sejong, zilizopewa jina la mfalme aliyetangaza alfabeti ya Hangul mwaka 1446, zimepita 200 katika nchi zaidi ya 80. Ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea humpa mwanafunzi wa kigeni mwaka mmoja wa kujifunza lugha kabla ya kuanza shahada. Hapa kwetu, Kikorea kimefundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Lakini Wakorea nao wanatutafuta. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni, jijini Seoul, kimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Mwaka 2016 Korea Kusini ilitunga sheria ya kukuza ufundishaji wa lugha za kigeni zisizosomwa na wengi, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha hizo. Kwa hiyo anayekijua Kikorea pamoja na Kiswahili cha kitaaluma ana milango miwili ya kubisha, mmoja wa taaluma za Kikorea na mwingine wa taaluma za Kiafrika nchini Korea.

Isitoshe, mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hafiki katika Kikorea mikono mitupu. Lugha zote mbili hujenga vitenzi kwa kupachika viambishi kwenye mzizi. Katika Kikorea meokda ni kula, na meogida ni kulisha. Alda ni kujua, na allida ni kujulisha. Boda ni kuona, na boida ni kuonekana. Mwanafunzi aliyekesha akichambua kauli za vitenzi atacheka akiyaona haya, maana amekwisha kuyasoma katika la na lisha, jua na julisha, ona na onekana. Ni sadfa tu, wala lugha hizi si ndugu. Hata hivyo, ni sadfa yenye manufaa, na mwalimu anayefundisha Kikorea kwa kupitia Kiingereza hawezi kuitumia.

Hasara ya kupitia Kiingereza huonekana wazi zaidi katika tafsiri. Katika tamthilia za Kikorea, msichana humwita mwanamke anayemzidi umri eonni, hata kama si nduguye wa damu. Kizee asiyejulikana njiani huitwa halmeoni. Manukuu ya Kiingereza mara nyingi huyatupa maneno haya na kuweka jina la mtu badala yake. Mtoto wa Majengo hana haja ya kuyatupa: ana dada na ana bibi, na huwaita hivyo hata wasio jamaa zake. Mfasiri anayetoka Kikorea hadi Kiswahili moja kwa moja atahifadhi heshima ambayo Kiingereza kimeipoteza njiani.

Kazi za aina hii si ndoto. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na baadaye kampuni ya StarTimes ikafanya mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili kwa kazi hiyo. Ilibidi pawepo watafsiri na waigizaji, na waliofaa ni wenye Kiswahili chao. Kufundisha kwa mbali nako kwawezekana. Seoul iko mbele ya Nairobi kwa saa sita, hivyo darasa la saa mbili usiku kwao ni saa nane mchana Majengo.

Najua kuna atakayesema kwamba soko la Kikorea na Kiswahili ni dogo, na kwamba Kiingereza ndicho kinacholipa. Ni kweli kwamba soko hilo ni dogo, wala sitamwahidi mtu ajira. Lakini foleni ya wanaofasiri baina ya Kikorea na Kiingereza ni ndefu, na mbele yake wamesimama Wakorea na Wamarekani waliozaliwa katika lugha hizo. Katika foleni hiyo kijana wa Majengo atakuwa wa mwisho, akigombea vibarua vya ujira mdogo. Katika foleni ya Kikorea na Kiswahili ni wachache wanaoweza kumtangulia.

Ndiyo maana nasema wajibu ni wetu. Kwanza, idara zetu ziwaruhusu wanafunzi wa Kiswahili kuchukua Kikorea kama somo la pili, na ziwaalike wanafunzi wa Kikorea katika madarasa ya tafsiri. Pili, tuache kumwambia kijana wa Eastlands kwamba Kiswahili chake kimeharibika. Tumpe usanifu bila ya kumvua alichonacho. Tatu, chama chetu kianze faharasa ya Kikorea na Kiswahili isiyopitia Kiingereza. Maneno 100 ya ukoo na heshima yatatosha kwa mwanzo. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wa mtu. Yahitaji meza, daftari, Mkorea mmoja anayesomea Kiswahili, na bibi mmoja wa Majengo mwenye subira ya kuulizwa tena, safari hii na mjukuu wake.