'Ndiyo mwalimu' si kuelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya madarasa yenye watoto wengi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wamefurika shuleni, na hilo ni jema. Lakini mimi hapa Gungu nafundisha darasa la pili lenye watoto zaidi ya 100, wakati kiwango cha Serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja.

Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" wote huitikia, "Ndiyo mwalimu!" Walioelewa ni kumi wa mbele. Wa nyuma, ambao wengi nyumbani husema Kiha, hufungua midomo tu, na wako wanaofika darasa la nne hawajui kusoma.

Mimi swali hilo siliulizi. Natoa hesabu ya mafungu ya dagaa wa mwalo wa Kibirizi, ambayo kila mtoto anaijua. Kila mmoja anamweleza jirani yake alivyoipata, kisha namsimamisha yeyote, hasa wa nyuma, aseme jibu la mwenzake. Aliyekuwa hasikilizi hujulikana hapo hapo.

Makelele yapo, sikatai. Ila wako wakubwa wanaochungulia dirishani wakayaita uvivu wa mwalimu, na ukimya wakauita nidhamu. Nawaomba wathibiti ubora wa shule waingie ndani, wakae dawati la mwisho, wamwulize mtoto wa pale tunasoma nini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Gungu, Kigoma.