Seva Ni Yako, Simu Si Yako

Hakuna sentensi yenye madharau kwenye intaneti kama hii: “Tafadhali sasisha brauza yako.” Mwambie hivyo mzazi wa Kiogoro anayejaza fomu ya basari kwa simu ya Android 6. Asasishe na nini? Kwa simu hizo Chrome iliishia toleo la 106, mwaka 2022. Simu yenyewe haijaharibika: inapiga, inatuma pesa, inachukua picha. Ni wewe, msee wa programu, uliyeamua kwamba haitoshi.

Najua mnavyojitetea. Ati JavaScript ni moja, iwe kwa seva au kwa simu. Node.js hata inatumia V8, injini ileile ya Chrome. Sawa, lakini injini ileile si toleo lilelile. Chukua toSorted, ile amri ya kupanga orodha bila kugusa orodha ya awali. Node 20 ilikuja nayo 2023. Chrome iliipata kwenye toleo la 110. Ukiitumia kwa seva, unatamba. Ukiituma kwa ile 106, programu inakwama papo hapo, na mzazi haoni hata ujumbe wa kosa. Anabonyeza kitufe, kimya. Anabonyeza tena, kimya, na siku ya mwisho ya basari ndiyo hiyo inakaribia.

“Si kuna Babel?” Iko, na inatafsiri sarufi mpya kuwa ya zamani. Lakini toSorted si sarufi, ni amri ambayo injini haina. Lazima uibebe mwenyewe kama kiraka. Na viraka vikijaa, ukurasa unakuwa mzito, na bando inayoliwa si yako. Hapo mna hoja.

Ila hoja hiyo inawahukumu nyinyi wenyewe. Mbona orodha ya shule ipangwe kwenye simu? Seva ni yako: unachagua toleo, unaibadilisha ukitaka. Panga orodha huko, na utamu wote wa Node, kisha tuma HTML iliyoiva. Fomu ya HTML inatuma majibu bila hata mstari mmoja wa JavaScript. Imefanya hivyo tangu miaka ya 90.

Usasa ukae kwenye mashine unayoilipia. Mzazi wa Kiogoro keshalipia yake, na bando juu. Kabla ya kumwambia asasishe, azima simu yake, ujaze hiyo fomu wewe.