Utoro huanza na siku moja moja

Jumatatu sare haijakauka. Jumatano ni siku ya gulio, mama anahitaji mtu wa kubaki na mdogo. Ijumaa mtoto anasema tumbo linauma. Nyumbani hakuna anayeuita huo utoro, maana kila siku ina sababu yake. Lakini kwenye daftari la mahudhurio la mwalimu, siku zote tatu zimeandikwa kitu kimoja: hayupo.

Mwaka wa masomo wa shule ya msingi Tanzania una siku 194. Mtoto anayekosa siku mbili tu kila mwezi hupoteza takribani siku 19, yaani moja ya kumi ya mwaka. Akiendelea hivyo tangu darasa la kwanza hadi la sita, atakuwa amekosa siku 114, zaidi ya nusu ya mwaka mzima wa masomo. Na hapo hajatoroka hata siku moja, wazazi walijua.

Utoro wenyewe hufuata baadaye. Aliyekosa siku wenzake walipofundishwa kugawanya, hesabu za sehemu zitampita. Ataogopa kuulizwa, ataogopa fimbo. Asubuhi ataaga vizuri, sare safi na begi mgongoni, kisha ataishia kwenye kibanda cha video mpaka saa ya kutoka.

Ada ilifutwa, lakini sababu nyingine zimebaki. Msichana asiye na taulo za kike hukosa siku kadhaa kila mwezi. Mwenye njaa tangu asubuhi haoni cha kumvuta darasani. Shule ikiwa mbali, mvua moja inatosha kumrudisha.

Kwa hiyo mzazi aanze kwa kuhesabu. Kila siku mtoto anapobaki nyumbani, aweke alama kwenye kalenda ya ukutani na aandike sababu. Baada ya mwezi ataona kama tatizo ni gulio, sare au somo fulani. Sare ifuliwe Jumamosi. Mdogo atafutiwe jirani wa kumwangalia. Namba ya mwalimu wa darasa iwe kwenye simu. Jioni ya siku aliyokosa, mtoto aazime daftari la mwenzake.

Mwalimu naye asisubiri wiki ziishe ndipo aandike barua kwa mtendaji wa kata. Simu ya siku ya kwanza hufanya kazi kubwa kuliko wito wa mwezi wa tatu. Na mtoto aliyerudi aulizwe kwanza. Anayejua kuwa akirudi atachapwa mbele ya wenzake huongeza siku nyingine.

Wiki hii mzazi apite shuleni na swali moja tu: tangu muhula uanze, mwanangu amekosa siku ngapi? Akishangazwa na jibu, bado hajachelewa.